H si ya hatari: kuisoma namba ya CA-125 ukiwa na uvimbe kwenye ovari

Mashine ya maabara ikipata namba iliyovuka kiwango, huweka herufi H pembeni yake. Ni H ya neno la Kiingereza lenye maana ya "juu", basi. Lakini nimekaa dirisha la majibu hapa Mwanza miaka ya kutosha kujua kwamba kina mama wengi huisoma kwa Kiswahili: H ya hatari. Anaikunja karatasi mara nne, anaitia kwenye pochi, na kabla hajafika kituo cha daladala ameshampigia dada yake simu kumwambia ana kansa.

Mara nyingi hana. Na yupo mwingine aliyeondoka dirishani uso umemng'aa kwa sababu karatasi yake haina H hata moja, kumbe ndiye mwenye ugonjwa. Huyu wa pili ndiye anayeninyima usingizi.

Nataka kuieleza namba hii ya CA-125, kipimo cha damu ambacho wanawake wenye uvimbe kwenye ovari huandikiwa, polepole, kama ambavyo ningemweleza mdogo wangu tukiwa jikoni. Dirishani hakuna nafasi hiyo. Foleni ni ndefu, na mtu wa maabara hatakiwi kumfafanulia mgonjwa majibu ambayo daktari wake hajayaona.

Tuanze na uvimbe wenyewe. Ovari ni vile vifuko viwili vya mayai, kimoja kila upande wa kizazi. Kila mwezi yai hukua ndani ya kijifuko cha maji. Kijifuko kisipopasuka, au kikipasuka kisha kikajifunga tena, maji hubaki ndani na kuvimba. Kwa hiyo mwanamke anayeendelea kupata hedhi akiambiwa ana uvimbe wa maji wa sentimita 3 au 4, mara nyingi ameambiwa tu kwamba ovari zake zinafanya kazi. Uvimbe wa namna hiyo kwa kawaida hunywea wenyewe ndani ya mizunguko miwili au mitatu ya hedhi. Mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Uingereza unasema uvimbe wa maji matupu usiofika sentimita 5, kwa mwanamke ambaye hajakoma hedhi, hauhitaji hata kurudiwa kupigwa picha. Upo uvimbe mwingine unaobeba nywele, mafuta, hata meno. Huo unatokana na seli za mayai zenye uwezo wa kutengeneza tishu za kila aina, wala hakuna aliyemtumia mtu uchawi, na inasikitisha kwamba wapo wanawake walioachika kwa sababu ya tuhuma hiyo. Upo pia ule wenye damu nzito ya rangi ya chokoleti, unaotokana na utando wa kizazi kuota mahali usipotakiwa kuota. Huo huja na maumivu makali ya hedhi, yale ambayo mitaani tunayaita chango na kuyanywea mitishamba kwa miaka. Kisha, kwa wachache, ipo saratani.

CA-125 ni kipimo kinachotarajiwa kutofautisha haya yote. Hakiwezi, na sababu inaonekana ukijua kinapima nini.

Kilianzia Boston, Marekani. Mwaka 1981 Robert Bast na wenzake walikuwa wakitafuta kingamwili itakayonasa seli za saratani ya ovari. Waliwachoma panya seli za saratani hiyo, wakavuna kingamwili na kuzijaribu moja baada ya nyingine. Iliyofaa ilikuwa ya 125, na 125 haina maana nyingine zaidi ya hiyo. Kinachonaswa na kingamwili ile ni protini ndefu iliyovikwa sukari, ya jamii ya ute, jamii inayofanya tando za ndani ya mwili ziteleze kama mlenda. Na tando zinazoitoa ni nyingi: utando unaofunika tumbo lote kwa ndani, utando wa mapafu, utando wa moyo, mirija ya uzazi, ukuta wa ndani wa kizazi. Ajabu ni kwamba uso wa ovari yenye afya kwa kawaida hauitoi. Kwa hiyo kipimo tunachokiita cha ovari, kwa hakika ni kipimo cha tando zilizochokozwa. Hedhi huzichokoza. Mimba changa huzichokoza. Usaha kwenye mirija, faibroidi, ini lililokakamaa, moyo ulioshindwa kazi, upasuaji wa tumbo wa wiki iliyopita, vyote huisukuma namba juu. Saratani nayo huisukuma.

Na ile 35 inayoandikwa kwenye karatasi kama mpaka imetoka wapi? Mwaka 1983 timu ileile ilipima damu za watu 888 wenye afya, na asilimia 1 tu ndio waliozidi yuniti 35 kwa mililita. Kati ya wagonjwa 101 wenye saratani ya ovari, asilimia 82 walizidi. Kati ya watu 143 wenye magonjwa mengine yasiyo saratani, asilimia 6 walizidi. Ule mstari, basi, ulichorwa mahali ambapo watu 99 kati ya 100 wenye afya wangebaki chini yake. Haukuchorwa kutenganisha saratani na kifua kikuu, wala saratani na chango. Na wale wagonjwa wa saratani wengi wao walikuwa wameshafika mbali. Ugonjwa ukiwa bado uko hatua ya kwanza, ndani ya ovari tu, takriban nusu ya wanawake huwa na CA-125 ya kawaida kabisa.

Sasa nichukue namba moja, 68, niwagawie wanawake watatu. Ni mfano, si watu ninaowajua.

Wa kwanza ana miaka 29, anakaa Buzuruga. Alitolewa damu siku ya pili ya hedhi yake kwa sababu ndiyo siku aliyopata ruhusa kazini. Ultrasaundi imeonyesha uvimbe wa maji matupu wa sentimita 4. Wa pili ana miaka 38, anauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba. Tangu usichana hedhi humlaza kitandani, na picha imeonyesha uvimbe wenye vyumba vilivyogawanywa na kuta, ndani mna kitu kizito. Wa tatu ni mama wa miaka 61, ametoka Ukerewe kwa meli. Hedhi aliisahau zamani. Picha imeonyesha ovari zote mbili zimevimba, zina sehemu ngumu ndani, na kuna maji tumboni.

Wote watatu wana 68, wote wana H, na karatasi zao ukiziweka mezani huwezi kujua ipi ni ya nani.

Mwaka 1990 Ian Jacobs na wenzake, huko London, walitoa hesabu rahisi ambayo hadi leo ni msaada mkubwa mahali pasipo na mashine za gharama. Unatazama vitu vitano kwenye picha: je, uvimbe una vyumba vingi, una sehemu ngumu, uko pande zote mbili, kuna maji tumboni, kuna dalili za kusambaa? Kama hakuna hata kimoja, andika 0. Kikiwepo kimoja, andika 1. Vikiwepo viwili au zaidi, andika 3. Halafu hedhi: kama bado anaipata, 1, kama imekoma, 3. Zidisha namba hizo mbili, kisha zidisha kwa CA-125. Hospitali nyingi huchukua 200 kuwa mpaka wa kumpeleka mgonjwa kwa wataalamu wa saratani moja kwa moja.

Binti wa Buzuruga: 0 mara 1 mara 68. Ni sifuri. Hata CA-125 yake ingekuwa 300, bado ingekuwa sifuri. Mama wa Mwaloni: 1 mara 1 mara 68, ni 68. Mama wa Ukerewe: 3 mara 3 mara 68, ni 612. Namba ileile ya damu imegeuka mambo matatu tofauti, na aliyeigeuza ni mtu aliyeshika kifaa cha ultrasaundi na swali moja kuhusu hedhi.

Ongeza mwanamke wa nne. Umri ni 61, picha ni ileile ya mama wa Ukerewe, lakini CA-125 yake ni 22. Hakuna H. Zidisha: 3 mara 3 mara 22 ni 198. Yupo ukingoni, pointi mbili tu chini ya mpaka. Huyu ndiye yule niliyesema ananinyima usingizi. Akikutana na mtu anayesoma namba ya damu peke yake ataambiwa "uko vizuri mama, rudi nyumbani", na atarudi nyumbani. Daktari makini hawezi kumwachia kwa sababu ya pointi mbili, maana ovari zenye sehemu ngumu kwa mwanamke aliyekoma hedhi zinajieleza zenyewe, damu iseme isemavyo.

Ndiyo maana nikiulizwa na mtu mwenye fedha ya kipimo kimoja tu, achague nini, sisiti: picha nzuri, iliyopigwa na mkono unaojua. Nasema hivyo nikiwa mtu wa maabara. Kikundi cha wataalamu wa ultrasaundi wa Ulaya kilitoa mwaka 2008 kanuni nyepesi za kusoma uvimbe wa ovari kwa picha peke yake, bila damu kabisa, na zinafanya kazi vizuri kwa sehemu kubwa ya wagonjwa. Lakini majibu ya picha yanayosema "uvimbe kwenye ovari ya kushoto" na kuishia hapo hayamsaidii mtu. Ripoti inatakiwa itaje ukubwa kwa sentimita, kama ni maji matupu au kuna sehemu ngumu, vyumba vingapi, upande mmoja au miwili, na kama kuna maji tumboni. Kama havimo, una haki ya kuviuliza kabla hujashuka kitandani.

Nije sasa kwenye jambo la huku kwetu, ukanda wa ziwa, ambalo miongozo iliyoandikwa mbali hulipita haraka.

Mwanamke anakuja amekonda. Tumbo limejaa maji, ana homa za jioni, hana hamu ya chakula. CA-125 inatoka 400, au 700. Ultrasaundi inaonyesha maji, utando wa tumbo umenenepa, pengine na vinundu. Ukiyapanga hayo yote pamoja unaona saratani ya ovari iliyosambaa. Inaweza kuwa hivyo. Inaweza pia kuwa kifua kikuu cha tumbo, ambacho huja bila kikohozi hata kimoja, na ambacho hutibiwa kwa vidonge vya miezi sita vinavyotolewa bure. Utando wote wa tumbo umewaka kwa ugonjwa, na utando ndio unaomwaga CA-125, kwa hiyo namba inapaa vilevile. Wapo wanawake, katika nchi nyingi zenye kifua kikuu, waliopasuliwa kwa kudhaniwa wana saratani, daktari akakuta vinundu vya kifua kikuu. Na kosa la upande wa pili nalo lipo: kumwanzishia mtu dawa za kifua kikuu kwa kubahatisha, miezi ikapita, huku saratani ikijitanua. Hapo namba haiamui. Kinachoamua ni kinyama, kipande kidogo kinachochukuliwa kwenye utando na kutazamwa kwa darubini. Najua neno hilo linavyoogopwa. Watu husema kinyama kikikatwa ndipo kansa inaposambaa. Kwa mgonjwa wa namna hii, kinyama ndicho kinachoweza kumtoa kwenye orodha ya saratani na kumpeleka kwenye kliniki ya kifua kikuu.

Halafu kichocho. Pwani ya ziwa na visiwani tunaishi na kile cha utumbo, na bara zaidi, kwenye mabwawa na majaruba ya mpunga, kuna kile cha mkojo. Cha utumbo, kikikaa miaka, mayai yake hulitia ini makovu, damu hushindwa kupita, tumbo hujaa maji. Maji hayo, yawe yametoka kwenye ini au kwenye moyo, huutanua utando, na CA-125 hupanda bila ovari kuhusika kwa lolote. Cha mkojo nacho mayai yake hukwama kwenye shingo ya kizazi, kwenye mirija, hata kwenye ovari zenyewe, na kutengeneza uvimbe. Sisemi kila tumbo lililojaa maji ni kichocho. Nasema mwanamke aliyekua akichota maji na kufua ziwani anatakiwa aulizwe hivyo, na kama hakuulizwa aseme mwenyewe: "Daktari, mimi nimekulia kisiwa cha Kome." Ni sentensi fupi inayoweza kubadilisha mwelekeo wa uchunguzi mzima.

Kuna jambo limeniudhi miaka hii michache na sitalificha. Nimewahi kuona mahali panapouza vifurushi vya "kupima saratani zote kwa damu", CA-125 ikiwa ndani, wateja wakiwa wanawake wazima wasioumwa popote. Niseme kwa nini hilo si jema, kwa hesabu. Jaza jukwaa la uwanja wa CCM Kirumba wanawake 10,000 wasio na dalili yoyote. Tuseme, kwa mfano, wanne kati yao wana saratani ya ovari wasiyoijua. Pima wote. Hata ukichukua ile asilimia 1 ya watu wenye afya, na wanawake wanaopata hedhi huzidi hapo, utapata H mia moja kwa watu wasio na kitu. Kwa wale wanne, ukiwa na bahati utawapata wawili au watatu. Wanawake mia moja watapanda kilima cha hospitali ya Bugando mioyo ikiwadunda, kila mmoja akiomba picha, picha ya pili, kuonana na bingwa, na wengine wataishia kufunguliwa tumbo.

Hilo limejaribiwa kwa watu halisi. Marekani walifuatilia wanawake 78,216 wa miaka 55 hadi 74, nusu wakipimwa CA-125 na ultrasaundi, nusu wakiendelea na huduma za kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 2011: vifo havikupungua. Wanawake 3,285 waliambiwa kuna tatizo kumbe hakuna, 1,080 kati yao wakapasuliwa, na takriban mmoja kati ya kila saba waliopasuliwa akapata madhara makubwa. Uingereza wakafanya utafiti mkubwa zaidi, zaidi ya wanawake 200,000, wakitumia njia ya busara zaidi ya kufuatilia namba inavyopanda mwaka hadi mwaka. Mwaka 2021 walitangaza matokeo: saratani zilikamatwa mapema zaidi, lakini waliokufa hawakupungua. Mimi ninayeiendesha mashine hii nakwambia, kama huna dalili na huna uvimbe, CA-125 si kipimo chako. Mwenye mama, dada au shangazi kadhaa waliopata saratani ya matiti au ya ovari ana habari nyingine. Hiyo hurithiwa katika baadhi ya familia, na anatakiwa amwone daktari na historia ya ukoo mkononi, si kununua kifurushi.

Wasichana ni sura nyingine kabisa. Mtoto wa miaka 12 au binti wa 19 mwenye uvimbe mgumu kwenye ovari hapimwi CA-125 akaachwa hapo. Saratani za umri huo mara nyingi hutoka kwenye seli za mayai zenyewe, na zina viashiria vyao vya kwenye damu: AFP, hCG na LDH. Ni viashiria vizuri kuliko CA-125, na uvimbe wenyewe husikia dawa kiasi kwamba wengi hupona, mara nyingi huku kizazi na ovari ya upande wa pili vimeachwa, wakaja kuzaa. Kwa hiyo kuchelewa hapa kunauma mara mbili.

Lakini navyo vinahitaji kichwa. hCG ndiyo homoni ile ile ya kipimo cha mimba, na swali la mimba, pamoja na mimba iliyotunga nje ya kizazi, huulizwa kwanza, kwa staha, mama akiwa ametoka chumbani. AFP hupanda kwa mjamzito, na hupanda kwa saratani ya ini inayofuata homa ya ini ya B. LDH ndiyo yenye mtego mkubwa kwetu. Humwagika chembe nyekundu za damu zinapopasuka, na ukanda wa ziwa una watoto wengi wenye selimundu, ambao chembe zao hupasuka kila siku. Malaria kali hufanya vivyo hivyo. Hata sampuli iliyotolewa vibaya, damu ikavutwa kwa nguvu na kupasukia ndani ya bomba la sindano, hutoa LDH ya juu ya uongo. Nimerudisha sampuli za namna hiyo mara nyingi, na ndugu wa mgonjwa wakanikasirikia kwa kumchoma mtoto mara ya pili. Afadhali wanikasirikie. Na msichana mdogo mwenye ovari zote mbili zilizovimba ghafla, LDH iko juu sana, huku kwetu daktari hufikiria pia limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto ambayo wengi wanaijua kwa kuvimba taya lakini hupenda tumbo vilevile. Hiyo tiba yake ya kwanza ni dripu za dawa za saratani, si kisu, na hukua kwa kasi ya siku, si ya miezi.

Viashiria vingine vya kwenye damu nivipitie. HE4 haisumbuliwi sana na ule uvimbe wa chokoleti, ndiyo faida yake, ila hupanda figo zikishindwa. CEA na CA 19-9 huombwa uvimbe ukiwa na ute mwingi ndani, au daktari akihofia kwamba kilichofika kwenye ovari kimetoka tumboni au kwenye utumbo mpana. CA 19-9 hupandishwa pia na ule uvimbe wenye nywele na meno, usio saratani. Inhibini ni ya aina moja adimu ya saratani ya ovari inayotoa homoni, ambayo huweza kumrudishia damu mwanamke aliyekwisha koma hedhi.

Mahali ambapo CA-125 hustahili heshima yake yote ni baada ya saratani kuthibitishwa. Ikiwa namba ilikuwa 900 kabla ya tiba, ikashuka 400, 120, 30, dawa inafanya kazi. Isiposhuka, madaktari wanajua mapema kwamba wabadili njia. Hapa namba moja haina uzito. Uzito uko kwenye safari yake. Na safari hiyo inataka njia moja: pima maabara ileile kila mara. Mashine za kampuni tofauti na vitendanishi tofauti hutoa namba tofauti kwa damu ileile, bila yeyote kukosea. Mgonjwa aliyepimwa 28 hapa na 41 pale anaweza asiwe amebadilika kitu. Na wale waliomaliza tiba, wakakaa vizuri, kisha namba ikaanza kupanda bila dalili yoyote: utafiti uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kuwaanzishia dripu papo hapo kwa sababu ya namba peke yake hakukuwaongezea maisha ukilinganisha na kusubiri dalili. Wengine huamua kutopima kila baada ya miezi mitatu, ili waishi miezi hiyo bila kuihesabu. Ni uamuzi wa kujadiliana na daktari, na ninauheshimu.

Kuna onyo moja sitaki lipotee. Uvimbe wa ovari unaotiliwa shaka haunyonywi maji kwa sindano "ili upungue". Kama ndani mna saratani iliyokuwa bado imefungwa kwenye ganda lake, kulitoboa kunaimwaga tumboni, na ugonjwa uliokuwa wa hatua ya mwanzo kabisa unapanda daraja kwa mkono wa binadamu. Hutolewa mzima, na mtu aliyejiandaa kwa jibu lolote. Ndiyo maana ile hesabu ya mpaka wa 200 ina thamani: inasaidia kuamua nani apasuliwe wilayani na nani apewe rufaa ya hospitali ya Sekou Toure au Bugando kabla ya kisu.

Saratani hii huitwa ya kimya, lakini wanawake walioipata wakiulizwa vizuri husimulia wiki nyingi za kelele ndogo ndogo. Tumbo kujaa kila siku. Kushiba kwa matonge matatu ya ugali. Maumivu ya chini ya kitovu. Kukimbilia choo cha mkojo mara kwa mara. Wamepewa dawa za UTI mara nne, za vidonda vya tumbo mara mbili, za amiba, za minyoo. Dalili hizi zikiwa mpya na zikija siku nyingi kuliko siku zisizokuja, hasa ukiwa umevuka miaka 50, tumbo linatakiwa lishikwe na daktari na lipigwe picha.

Mwanamke wa namna hiyo huwa namtambua akiwa bado kwenye benchi, kabla hajatoa damu. Uso umepungua, mifupa ya mabega inaonekana, lakini kanga aliyoizoea haimzunguki tena, ncha zake hazikutani kiunoni na ameziunga kwa pini. Siku ya mwisho nilipomwona mmoja hivyo alikuwa ameshika fomu ya CA-125 aliyojazwa na mtu wa duka la dawa, akataka kulipia. Nilimwambia, "Mayu, fedha hiyo ishikilie." Nikamwelekeza chumba cha ultrasaundi, nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi yale ya kuuliza. Damu nilimtoa baadaye, daktari alipokuwa ameshaiona picha na kuiomba.